Shukrani Iliyotangulia

Ngombe ilifungwa kwenye nguzo ya kanisa, upande wa nje, kati ya kuku, mihogo na mikungu ya ndizi ya watu wengine. Ilikuwa mutamba bado, haijazaa hata mara moja, rangi yake kama udongo wa Bogoro. Mahubiri yakiendelea ndani, yenyewe ilikuwa inakula majani ya ndizi za Mama Kahindo bila kuomba ruhusa. Félicité aliiona kupitia dirisha. Alikaa benchi ya pili, mahali pake pa siku zote, kwa maana ni yeye aliyeanzisha nyimbo katika kanisa lile tangu bwana yake Osée angali mzima. Siku hiyo ya shukrani ya mavuno alianzisha mbili tu. Wa tatu aliwaachia wengine.

Kila mutu wa Bigo, mutaa ule wa kanisa, alijua desturi. Ibada ikiisha, shemasi Fulgence anasimama mulangoni na kunadi vitu vyote vilivyoletwa. Watu wanashindana, wanacheka, jogoo moja inapata bei ya mbuzi, na franga inaingia katika kazi ya Mungu. Mwaka ule kazi ya Mungu ilikuwa mabati ya kanisa. Na mabati yalikuwa yanangojea ngombe ya Mama Grâce. Ndivyo walivyomwita Félicité, kwa jina la binti yake.

Hakuna mutu aliyemulazimisha kuitoa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wakati wa kampeni, mutu mumoja aliyetafuta ubunge, waliyemwita Honorable, alikuja kusalimia kanisa, akapewa mikro ya kusemea. Akasema kama wakimuchagua, vyuo vikuu vya Serikali vitakuwa bure, mutoto wa mulimaji atasoma sawa na mutoto wa waziri. Watu wakapiga makofi. Muchungaji Rémy alikuwa na fundisho alilolipenda, kwamba mutu wa imani anashukuru mbele ya kupokea. Akauliza, "Nani atamushukuru Mungu kuanzia leo?" Na Félicité, ambaye hakuwa mutu wa kurukaruka, akajikuta amesimama. Ngombe za Osée zote zilikwenda na vita. Ile moja ndiyo ilikuwa uzao wa mwisho, na Baudouin, mudogo wake Osée, ndiye aliyeichunga kule Bogoro. Akasema mbele ya wote, "Ngombe yangu ni ya Mungu, kwa sababu amemufungulia mutoto wangu mulango."

Amemufungulia. Alisema kama vile jambo limekwisha.

Honorable alichaguliwa, akaenda zake Kinshasa. Shule ya musingi ikawa bure kweli, na Félicité akafurahi kwa ajili ya watoto wa majirani. Lakini minerval, malipo ya masomo ya chuo kikuu, ilipanda. Ilipanda kwa sababu wanaihesabu kwa dola na franga ilikuwa inashuka. Halafu ikapanda tena, na hakuna aliyeeleza ni kwa sababu gani. Grâce alikuwa mwaka wa mwisho wa sheria. Tangazo likabandikwa: asiyelipa yote kabla ya mwezi kuisha, haingii mitihani.

Grâce alileta habari hiyo siku ya Ijumaa. Alimukuta mama yake ameketi mulangoni, anachagua maharagi katika lungo.

"Mama, ile ngombe iko wapi?"

"Baba mudogo anaileta kesho. Weye unajua iko ya nini."

"Najua. Unamupa Mungu minerval yangu."

"Chunga kinywa."

"Nachunga. Lakini unamushukuru juu ya nini? Hiyo kitu haijafanyika."

"Miye nilisema mbele ya kanisa, Grâce."

"Na ule Honorable alisemaka mbele ya kanisa."

Félicité aliendelea kuchagua, mpaka akaona kwamba alikuwa anatupa maharagi mazuri na kubakiza vijiwe.

Grâce akaketi chini karibu naye. "Kwetu darasani nusu wamesharudia nyumbani," akasema, na hasira ilikuwa imemutoka. "Claire, ule wa Nyankunde, anauza mafuta ya mawese kando ya njia. Tuliandamana, wakubwa wa chuo wakatuambia murudie kusoma. Tukawauliza, kusoma wapi, na mumetufungia mulango?"

Kesho yake Baudouin akafika na ngombe, vumbi hadi magotini. Ilikuwa ile amani yetu ya kulala na viatu karibu na kitanda, tayari kukimbia, na njia ya Bogoro ilikuwa na vizuizi vya askari.

"Kila kizuizi wananiuliza, muzee, hii ngombe iko ya nani?" akasema, akinywa maji. "Nawajibu, iko ya Mungu. Wananiacha. Mumoja alisema nimusalimie."

Félicité alicheka kidogo, halafu akajifunga kitambaa kichwani na kwenda kwa muchungaji. Alimuelezea yote, na Rémy akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mutu mubaya. Yeye mwenyewe alilala chini ya mabati yenye kutoboka.

"Mama Grâce," akasema, "kitu ambacho mutu ameweka mbele ya Mungu, hakirudi tena mukononi mwake. Mutoto tutamuombea."

"Aksanti, muchungaji," Félicité akajibu. Akarudi nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Alizoea kumwambia Mungu mambo mengi. Jioni ile alimuuliza moja tu: kama Yeye alikuwa amesema kitu kwa mikro siku ile, au kama ni watu waliosema kwa niaba yake. Akangoja mpaka giza likaingia.

Ndiyo maana Jumapili hiyo hakuanzisha wimbo wa tatu. Baraka ilipotolewa, watu wakatoka nje na kuzunguka vitu. Fulgence akamaliza kuku, akamaliza mihogo, akafika kwenye nguzo na kupiga ngombe makofi mgongoni.

"Sasa tumefika kwa mukubwa. Angalieni hayo macho. Hata bibi-arusi wa Baudouin hakuwa na macho kama haya. Nani anaanza?"

Mufanyabiashara mumoja jina lake Kule, aliyehamia kutoka Butembo, akainua mukono hata kabla ya kicheko kutulia. Lakini Félicité alikuwa amekwisha kupita katikati ya watu na kuinama penye kamba.

"Mama Grâce," Kahindo akamwita, "weye unanunua tena ngombe yako? Ungoje kwanza bei ishuke. Nami unilipe majani ya ndizi zangu."

Watu wakacheka. Félicité akafungua fundo, akasimama wima na kamba mukononi. Kicheko kikapungua.

"Nilimushukuru Mungu juu ya neno ambalo si Yeye aliyelisema," akaanza, na sauti yake ya nyimbo ikafika hadi kwa watu wa nyuma bila kupandishwa. "Alilisema mutu, hapa, na siye tukaitika amina. Mungu hajanikosea kitu. Lakini shukrani yangu haina kweli ndani yake, na siwezi kumuachia kitu cha uongo mulangoni pake."

"Mama," Fulgence akasema taratibu, "na mabati?"

"Mabati mumuombe ule aliyeshika mikro."

Félicité akamutazama Rémy. Rémy aliinamisha macho, hakumuzuia, wala hakumubariki. Basi akavuta kamba, na watu wakafungua njia, ile ngombe ikimufuata na jani la ndizi likining'inia mudomoni.

Grâce aliwafikia kwenye njia kubwa. Nyuma yao wimbo ulikuwa umeanza. Mutu fulani aliuanzisha juu sana, kwa haraka ya kufunika aibu, na kufika mustari wa pili sauti za akina mama zilikuwa zinapasuka. Félicité akasimama. Koo lake lenyewe lilitafuta pale wimbo ulipopaswa kuanzia, chini kidogo, lakini akafunga mudomo. Jumapili ijayo, nani angemupisha kwenye benchi ya pili? Hakujua. Hakujua hata kama Mungu alilipokea lile neno kama yeye alivyolisema.

"Mama, tuirudishe," Grâce akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Watasema tumemuibia Mungu. Nitatafuta kazi kwanza, nitasoma mwaka ingine."

"Wale wenzako waliorudia nyumbani, hawakusema vile vile?"

Wakatembea. Mbele, kabla ya soko la ngombe walikokuwa wanaipeleka kwa ajili ya minerval, kizuizi kimoja kilikuwa kimeshaonekana, na askari wawili wameketi kivulini, bunduki juu ya mapaja.

"Watatuuliza iko ya nani," Grâce akasema. "Tutawaambia nini?"

Félicité akamupa kamba.

"Shika karibu na shingo," akasema. "Inaogopa pikipiki."