Shavu Moja Bila Kunyolewa

Daktari Pruitt alifunga mlango kwanza, ndipo akasema. Damu ya Delmer Hauck ilikuwa imeonyesha kaswende.

"Haiwezekani, daktari. Mimi sijawahi..."

"Nakusadiki. Kule visiwani vitani uliugua malaria, sivyo? Malaria hukidanganya kipimo hiki. Tutarudia ikishakutoka mwilini. Lakini leo cheti sitii sahihi."

Delmer hakubisha. Sheria ya Ohio aliielewa. Wanaume walikuwa wakiwaambukiza wake zao bila kujua, na watoto wakizaliwa vipofu, au wakizaliwa wamekwisha kufa. Kwa hiyo bila cheti cha damu hakuna kibali cha ndoa. Ila katika mji wao mdogo arusi ikiahirishwa baada ya kipimo, watu hawangoji kuambiwa sababu.

Alimkuta Verna, mchumba wake, ameketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba akimenya njegere. Akamweleza yote bila kuinua macho.

"Unaniamini?" akauliza.

"Delmer, ungekuwa unadanganya ungekuja na uongo mtamu kuliko huu wa mbu." Aliendelea kumenya. "Nani mwingine anajua?"

"Daktari tu."

"Basi tulia."

Jumamosi Delmer alikwenda kunyolewa. Kinyozi Otis alimpaka povu, akanyoa shavu la kulia, kisha akainama.

"Pole, kijana. Tumesikia habari ya mchumba wako."

"Habari gani?"

"Kasema mwenyewe kanisani, akina mama wakishona farishi la arusi yenu, lile shuka nene la viraka. Eti damu yake haikutoka vizuri, mnangoja irudiwe. Mke wangu nusura ajichome sindano. Una moyo wewe, mwingine angekwisha kimbia."

"Wakati wewe unapigana," akasema mmoja kwenye benchi, "labda naye alikuwa na vita vyake."

Wakacheka. Delmer akasimama, povu bado shavuni.

"Damu iliyokataa ni yangu," alisema. "Yake ni safi. Mwenye kicheko anicheke mimi."

Akaweka pesa ya Otis mezani, akatoka hivyo hivyo.

Verna alifungua mlango, akamtazama uso. "Otis kakufukuza?"

"Kwa nini umejisingizia, Verna?"

"Mimi wananijua tangu nina meno mawili. Wakinisema watachoka. Wewe ndiyo kwanza umerudi, na bado unaota ndoto mbaya. Sikutaka wakuongezee."

"Nimewaambia kweli."

Verna alishusha pumzi. "Basi sasa watatusema wote wawili."

"Nasikia ndoa ndivyo ilivyo."

Verna alitaka kumkaripia, akacheka badala yake. Akamfuta povu kwa ncha ya aproni, polepole, na mkono wake ukakawia pale shavuni.

Malaria ilipomtoka, walirudi pamoja kwa daktari. Sindano ilikuwa ya Delmer peke yake, lakini Verna alivuta kiti akaketi ubavuni pake na kukunja mkono wa gauni.

"Yako ilikuwa safi, binti," daktari akasema.

"Najua. Nipime tu."

Daktari aliwatazama, kisha akaenda kuleta sindano ya pili.

Majibu yao yalirudi pamoja, yote safi. Asubuhi ya arusi Otis alimnyoa Delmer bure, akaanza na shavu la kushoto.

"Hili nilikuwa nadaiwa," alisema.