Goti Unalitakia Nini

...tatu, nne, na kisigino kiburuzike polepole kwenye mkeka, kitenge kimezungushwa kwenye wayo na mikono inavuta, tano, mtu wa miaka hamsini na moja kuhesabiwa kama mtoto wa chekechea, lakini Gloria ndiye mtaalamu wa mazoezi, kila Alhamisi akitoka kazini anapita hapa Mlowo, anavua viatu mlangoni, anasema haya mama tukunje, na Anyosisye anakunja, mwezi wa nne huu tangu apasuliwe goti na kuungwa kano iliyokatika, sita, na pale kwenye kochi mama mkwe ametulia, ametoka Isansa asubuhi, anashika kikombe kwa mikono miwili na kulitazama goti kama anavyotazama kahawa yake juani, asije mtu akaichezea... "Mama, nasikia leo umepiga magoti mwenyewe, bila mto," anasema Gloria, "si ndilo lilikuwa lengo letu? Basi tukimaliza hapa nafunga faili, wiki ijayo siji," na wiki ijayo asipokuja ndiyo imetoka hiyo, viatu vyake vya kuchezea mpira apewe nani sijui, maana lengo, ndiyo, lengo, nani alimtuma kusema vile siku ile ya kwanza, goti limevimba kama kibuyu, Gloria na kalamu yake akauliza, mama, goti hili unalitakia nini, nipange mazoezi kufuatana na hilo, swali dogo tu, na jibu lilishafika kwenye ulimi, mpira wa pete, Jumamosi saa kumi, uwanja wa shule, lakini Nathanaeli mumewe alikuwa amesimama mlangoni na mama yake amekaa palepale alipo sasa, na mwanamke aliyelelewa akalelewa atasemaje mbele ya mkwe kwamba anataka kurukaruka, akasema nataka niweze kupiga magoti nimwamkie mama, mama mkwe akafuta machozi kwa ncha ya kanga, Nathanaeli akasema hapo umenena mke wangu, Gloria akaandika, na kilichoandikwa ndicho kilichofanyika, miezi minne ya kukunja, kuruka hata siku moja hakuna... "Saba, usibane pumzi mama," na wala hakudanganya, magoti anayataka, mkwe huyu hajawahi kumkosea, kumwamkia ukiwa umekaa kitini kama mwanamume ni mzigo, ila alisema nusu, na nusu iliyobaki nayo ina njaa yake, maana leo pale mlangoni alipopiga magoti yote mawili, shikamoo mama, marahaba mwanangu, inuka, aliinuka bila kushika mlango, paja likasukuma lenyewe, na badala ya kumshukuru Mungu kwa heshima iliyorudi akawa anawaza pasi ya Enesi mwenzake wa uwanjani, ile ndefu ya juu, ambayo usipoiendea hewani umeikosa, mbele ya mkwe kabisa, Bwana amsamehe... tangu darasa la tano anaruka, pekupeku, vidole bado vinanata utomvu wa kahawa, mimba ya Ipyana aliruka nayo hadi mkunga akamgombeza, na siku hizi ni Enesi wa mashine ya kusaga na Aida wa duka la mbolea na wengine wenye wajukuu, hawana kombe wala mshabiki, wakimaliza wanakaa chini wanavua viatu wanacheka, na pale uwanjani si Mama Ipyana, si mke wa Nathanaeli, wanaita Anyo, Anyo, leta, na yeye analeta... "Ashukuru Mungu atulie," mama mkwe anamwambia Gloria, sauti ya upole kabisa, "mpira huohuo ndio uliomvunja," na Gloria anacheka kidogo, anafungua faili, nane, ni kweli ndio uliomvunja, alitua vibaya akasikia kitu kimelia ndani kama kuni kavu, lakini kahawa nayo imemvunja mama mgongo na mwaka huu si kaichuma tena, mbona huko hatulii, tisa, na kanisani watasema bibi mzima, sketi imeishia magotini, waseme, na Nathanaeli atanyamaza siku mbili, anyamaze, siku mbili si Jumamosi zote za maisha za kukaa jikoni na kusikia filimbi kutoka shuleni, kumi... "Bado," anasema Anyosisye, analiambia goti kwa sababu kumtazama mkwe hawezi, "usifunge, dada. Andika na kuruka." Kalamu ya Gloria imesimama hewani. "Kuruka kiasi gani, mama?" Aibu imempanda Anyosisye hadi masikioni, na chini ya aibu kuna furaha ambayo hajaisikia tangu apasuliwe. "Kufika golini," anasema, na anavuta tena kitenge, moja.