Baba wa Puge

Vestina alikuwa anapakwa poda mlango ulipofunguliwa, na aliyeingia hakuwa mtu wa kamera. Alikuwa mama yake mzazi, Mama Nibizi, kitambaa cheusi cha ufiwa kichwani, mkoba wa ukili begani, vumbi la barabara ya Ulyankulu limemjaa hadi kwenye kope.

"Mwaramutse," mama akasema huku akitabasamu. Ndiyo salamu yao ya asubuhi, ya Kirundi, na jibu lake ni kuirudia hiyohiyo.

Vestina akamtupia jicho mpambaji. "Shikamoo, mama."

Tabasamu la mama likapungua. "Marahaba."

Jamani, msimhukumu bado, ngojeni niwaeleze. Huyu Vestina alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa baba na mama waliovuka kutoka Burundi wakiwa watoto mwaka wa sabini na mbili. Baba yake, Mzee Havyarimana, alilima tumbaku mpaka mgongo ukapinda, na alipopewa cheti cha uraia alikitia kwenye plastiki, akakiweka ndani ya Biblia. Mgeni akifika, kabla hata ya kupewa maji ya kunywa, ataoneshwa cheti. Lakini Vestina aliposoma mjini Tabora, wali ukipungua bwenini wenzake walimtazama yeye: mkimbizi huyu ndiye anayetumalizia chakula. Cheti cha baba hakikufika bwenini.

Basi siku alipofika Dar es Salaam kutafuta kazi ya kuchekesha, mtu mmoja wa televisheni akamuuliza, "Lafudhi hiyo, wewe Mnyamwezi wa wapi?" Akajibu, "Puge." Kwa nini Puge? Alikuwa ameipita na basi jana yake, akaona kibao. Hivyo tu. Ndipo akazaliwa Bi Kabula, mwanamke wa Kinyamwezi mwenye mdomo kuliko redio, na kwa miaka tisa nchi nzima imeshika mbavu. Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja, ila we acha tu, neno hilo lilimlisha, likamvisha, likamjengea.

Kipindi chenyewe kinaitwa *Kumbe Hujui*. Timu mbili za watu maarufu, waigizaji, wacheza mpira, watangazaji, wanaulizwa maswali ya maarifa ya jumla, na hakuna anayekitazama kwa ajili ya maarifa. Ukikosa, spika zinatoa mlio wa mbuzi, na ukumbi mzima unapiga kelele, "Kumbe hujui!" Wiki hiyo walikuja kurekodi Tabora, ukumbi wa Gongoni, Timu Tabora na Timu Pwani. Nahodha wa Tabora alikuwa Bi Kabula. Wa Pwani alikuwa Sadiki, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, mchokozi, mwenye roho nzuri ajabu.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mababu wa hawa walibeba mizigo kutoka huku hadi Bagamoyo, wakapita katikati ya nchi ya wale, wakatukanana na kulishana njia nzima, na mpaka leo hawajaacha. Kwa hiyo Sadiki alikuwa amemtukana Vestina miaka tisa kwa haki yake yote, na Vestina alimrudishia na chenji. Ila utani si mdomo tu. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kumwigiza marehemu, kulala mahali pake, kugoma kuamka mpaka apewe chake, mpaka wafiwa wacheke watake wasitake. Ndiyo heshima yake ya mwisho kwako.

Na Vestina alikuwa amefiwa. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu wamzike Mzee Havyarimana. Aliomba ruhusa kazini akasema anakwenda kuzika Puge, na Sadiki akataka kupanda naye basi. Alimkataza. "Watakuwa wameshazika, usihangaike." Sadiki akaumia kweli. "Mtani gani anakosa mazishi, Vestina? Unanitia aibu kwetu."

Sasa mama huyu hapa, amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika rozari.

"Mama, mbona hukuniambia unakuja?"

"Baba yako alitaka akuone jukwaani kwa macho yake, si kwenye simu ya jirani. Hakuwahi. Nimekuja kukuona kwa niaba yake."

Roho ikamchoma Vestina. Hapo ndipo angemweleza mama kwamba Puge haikuishia kwenye maigizo, kama wazazi walivyodhani. Mpambaji alikuwa ametoka, mlango umefungwa, na ilibaki nusu saa nzima. Akaitumia kupaka rangi ya mdomo. "Ukae nyuma, mama," akasema, "mbele kuna kelele."

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Octavian, mtangazaji wao mwenye suti ya kung'aa, aliuliza asali ya nyuki hukaa miaka mingapi kabla ya kuharibika, na mcheza mpira wa Timu Tabora akajibu, "Kwetu haimalizi wiki, wajomba wakishaijua." Mbuzi akalia, watu wakacheka. Bi Kabula alirusha maneno, akakatika kiuno, akamwambia Sadiki miguu yake ni vijiti vya kuanikia tumbaku. Kila watu walipocheka alitazama nyuma, na kila alipotazama mama alikuwa anacheka pia, mkono mdomoni. Vestina akaanza kupumua.

Zamu ya mwisho pointi zililingana. Zamu hiyo unaulizwa habari za mpinzani wako, kutoka kwenye fomu aliyoijaza mwenyewe. Ukishindwa, swali linarudi kwa mwenyewe.

Octavian akachomoa kadi. "Sadiki! Baba yake Bi Kabula alizaliwa wapi?"

Vestina akaitazama kadi mkononi mwa Octavian. Fomu aliijaza zamani, hata hakumbuki kalamu ilikuwa ya rangi gani, lakini alichokiandika anakijua.

Sadiki alisimama, akachomoa shuka jeupe kutoka chini ya meza, akajifunga kichwani hadi miguuni, akajilaza chali katikati ya jukwaa. Ukumbi ukalipuka. Watu wa Tabora wanajua mambo yao, kina mama walipiga vigelegele hata kabla hajafungua mdomo.

"Mimi ndiye baba yake Kabula!" Sadiki akanguruma kwa sauti ya mzee. "Nimezikwa bila mtani! Nimefika mbinguni nikaulizwa, Wazaramo wako wapi? Nikakosa la kusema! Siamki mpaka nipewe jogoo! Na swali sijibu, marehemu hajibu maswali. Ajibu mwenye baba!"

Watu wakalia kwa kucheka. Octavian naye akafuta machozi, akamgeukia Vestina. "Haya, Bi Kabula, mtani wako amekuachia. Swali la bure hilo, ukilijibu tu Tabora wameshinda. Baba yako alizaliwa wapi?"

"Puge!" wakaanza kuimba vijana wa mbele, maana nchi nzima inajua Bi Kabula ni wa Puge. "Puge! Puge!"

Vestina akatazama nyuma. Mama alikuwa amesimama, peke yake katika mstari ule, hacheki. Kwao msiba ni kukaa na kusema kwa sauti ya chini, na matanga ya mzee yalikuwa hayajaisha. Lakini hakuwa anamtazama Sadiki. Mama Nibizi ameishi na Wanyamwezi zaidi ya miaka hamsini, amepika kwenye misiba yao, amewaona Wazaramo wakilala juu ya mikeka ya wafu, na anajua kwamba mtani hajitokezei tu. Huja kwa kuwa wewe ni wa watu fulani. Alikuwa anamtazama binti yake, na Vestina aliona kabisa mama anavyoelewa, kidogo kidogo, nini kimesemwa juu ya mume wake.

"Puge! Puge!"

Neno hilo angelisema. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limezoea njia.

"Makamba," Vestina akasema.

Mbuzi akalia. Ukumbi mzima, wazee kwa watoto, ukapiga kelele kwa pamoja: "Kumbe hujui!"

Walicheka mpaka viti vikasogea. Octavian akapunga kadi hewani. "Baba yako mwenyewe, Bi Kabula! Kadi inasema Puge! Hebu tuambie bila utani."

Vestina akavua kilemba cha Bi Kabula. Sauti iliyomtoka haikuwa ya Bi Kabula, na watu wa mbele wakaanza kutazamana.

"Sina utani na Sadiki. Mimi si Mnyamwezi. Baba yangu anaitwa Havyarimana, alizaliwa Makamba, Burundi, amezikwa Ulyankulu. Puge nimeipita na basi tu, sijawahi hata kushuka."

Wachache wakacheka tena, wakaacha. Sadiki akakaa pale chini, shuka limemwangukia mabegani, uso umemshuka. Aibu iliyompata haina mfano, maana bila utani alichokifanya ni kumdhihaki maiti wa watu. Akafuata macho ya Vestina hadi nyuma, akakiona kile kitambaa cheusi. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti, akapiga magoti mbele ya Mama Nibizi.

"Nisamehe, mama. Pole kwa msiba. Sikujua."

Mama akamshika mkono akamwinua, akalikunja lile shuka taratibu, pembe kwa pembe, akamrudishia.

"Wewe hukukosea, mwanangu," akasema. "Wewe uliitwa."

Vestina alikuwa ameshafika. Alikuja mbio, rangi ya macho imemchuruzika, kamera moja inamfuata na hakuna aliyekumbuka kuizima. Akapiga magoti palepale alipotoka Sadiki, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akaitoa salamu ya kwao mbele za watu, ile ya mchana.

"Mwiriwe, mama."

Mama Nibizi akachukua mkoba wake, akauweka begani. Alimtazama binti yake kwa muda, kama anavyotazamwa mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi.

"Marahaba," akajibu, akaenda kutafuta basi la kurudi Ulyankulu.