Betri Yenye Utepe Mwekundu

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, Nyakerario alipima betri. Zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu katika chumba cha nyuma cha duka, na yeye alizipitia moja moja: waya mwekundu wa mita huku, mweusi kule, asubiri namba itulie, aiandike kwenye kipande cha utepe na kukibandika ubavuni. Betri nzima ilipata utepe mweupe. Ile aliyoitilia shaka ilipata mwekundu. Ilikuwa kazi isiyohitaji maneno, na yeye maneno yalikuwa yakimpa taabu tangu utotoni.

Ijumaa hiyo alikuwa amefika betri ya sita, ile kubwa ya lori, pazia liliporushwa pembeni na baba mkwe wake akaingia.

Hakukohoa. Kwa miaka miwili ambayo Nyakerario alikuwa akifanya kazi humo, mzee Ochoki hakuwa amewahi kuvuka pazia lile bila kukohoa kwanza, akampa nafasi ya kutokea mlango wa uani. Baba mkwe na mke wa mwanawe, kwa Wagusii, huheshimiana kwa kuepukana. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani machoni, na kubishana ndiyo kabisa hakuwaziki. Hiyo ndiyo chinsoni. Wengi pale Kisii mjini wameilegeza, lakini mzee Ochoki, ambaye pia ni mzee wa kanisa la Wasabato kule Nyanchwa, hakuilegeza hata uzi mmoja. Yeye aliuza mbele kwenye kaunta. Nyakerario alipima na kuchaji huku nyuma. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao wenye kidirisha, na palikuwa na Geoffrey, mume wake, aliyepokea neno upande huu na kulipeleka upande ule. Leo Geoffrey alikuwa Nyamira, juu ya paa la shule moja, akifunga sola.

Nyakerario aligeukia ukuta upesi. Mzee naye aligeuza uso upande wa dirisha, akapapasa meza, akaikumbatia betri ya lori na kutoka nayo. Pazia lilirudi mahali pake. Mita ilibaki mkononi mwa Nyakerario, nyaya zikining'inia.

Utepe wa betri ile ulikuwa mwekundu tangu jana.

Alisogea kwenye kidirisha na kutega sikio. Wateja walikuwa wawili, mume na mke, watu wa upande wa ziwa. Mwanamume aliitwa Opondo, na sauti yake ililijaza duka. Alikuwa na boti ya kubeba abiria Homa Bay, na Jumapili alikuwa amekodiwa kwenda kumchukua bibi harusi kisiwani, yeye na wasimamizi wake na kwaya, watu ishirini na watano. Familia ya bwana harusi ilikuwa imetoa sharti moja: muziki upigwe tangu boti itoke ufukweni mpaka irudi. Kwa hiyo alikuwa amenunua amplifaya na spika nne, kubwa, akazifunga mwenyewe. Sasa alitaka betri ya kuziendesha na chaja ya kuijaza hiyo betri, na aliitaka sasa hivi.

Mzee Ochoki aliuliza kama botini tayari kuna betri.

Opondo alisema ipo, lakini imekufa, ndiyo maana anataka moja ya nguvu ifanye yote mawili, muziki na kuwasha injini. Injini yake ilikuwa ya kubonyeza kitufe. Zamani ilikuwa na kamba ya kuvuta pia, lakini kamba ilikatika Desemba na hakuona haja ya kuirudisha.

"Siku hizi nabonyeza tu, kama bosi," alisema, na mkewe akaguna.

Mzee alimwambia amefika mahali penyewe. Akaeleza, kwa ile sauti yake ya upole ambayo watu wa Suneka mpaka Keroka waliiamini, kwamba yeye ameuzia makanisa betri kwa miaka thelathini, na betri ya lori haijawahi kumwaibisha. Akachukua mita yake na kupima. Volti kumi na mbili nukta nane. Imejaa pomoni, akasema, na alikuwa akisema kile alichokiona.

Nyuma ya mbao, Nyakerario alifumba macho. Namba hiyo aliijua. Betri ile ilikuwa imetolewa kwenye chaja alfajiri hiyo, na betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi husoma vizuri hata kama imechakaa. Jana mchana alikuwa ameifungia balbu ya taa ya gari ili aone itavumilia vipi. Kwa dakika kumi namba ilishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Spika nne zingeimaliza kabla boti haijafika kisiwani. Na hata kama ingekuwa nzima, ilikuwa betri ya kuwashia lori, ya kutoa nguvu nyingi mara moja na kupumzika, wala si ya kupiga muziki saa nzima. Chuoni, alikosomea umeme, waliwafundisha hivyo wiki ya kwanza: chombo cha majini kina betri yake ya injini, isiyoguswa na kitu kingine, na muziki una yake.

Maana ya utepe mwekundu waliijua yeye na Geoffrey peke yao. Kwa kawaida Geoffrey ndiye aliyezitoa betri nyuma. Kupitia kidirisha alimwona mzee akiuona utepe, akaubandua kwa ukucha kama mtu anayeondoa taka, akaifuta betri kwa kitambaa mpaka ikang'aa.

Alimpigia Geoffrey. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, naye Geoffrey akapokea huku nyundo zikigonga. Nyakerario alimweleza kwa kunong'ona. Geoffrey alimwambia asihangaike, atampigia baba sasa hivi.

Dakika ile ile simu ililia mezani, karibu na kiwiko chake. Ilikuwa simu ya mzee, iliyoachwa kwenye chaja. Kwenye kioo palikuwa na jina la Geoffrey. Nyakerario aliitazama ikilia, ikazima, ikalia tena. Aliisukuma kwenye kidirisha mpaka ikatokeza upande wa pili. Mzee aliitupia jicho, akaizima bila kuipokea na kuiweka mfukoni. Mteja kwanza.

Alichana karatasi kwenye daftari na kuandika: *Betri hii ni mbovu.* Aliyasoma maneno manne yale, na yalionekana kama kofi kwenye shavu la mtu mzima, tena mbele ya wageni. Akaikunja karatasi na kuandika nyingine: *Tafadhali betri hii ingeangaliwa tena.* Hiyo ndiyo aliyoipitisha.

Mzee aliinyoosha mbali na macho ili aweze kusoma. Kisha akawaambia wateja, kwa fahari kabisa, kwamba huko nyuma ana mtoto mwangalifu mno, haachi kitu kitoke bila kuangaliwa. Akaichukua betri, akaitazama pande zote, chini na juu, akaipaka grisi kwenye vichwa vyake na kuitua tena. Ilikuwa imeangaliwa.

Wakaja kwenye chaja. Mzee aliweka mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ndogo, ya taa ya kijani, inayojaza polepole usiku kucha na kujizima yenyewe. Nyingine ilikuwa ya gereji, ya bati, yenye mpini na mshale, inayosukuma umeme mpaka mtu aje aichomoe. Opondo aliinua ile ndogo kwa vidole viwili.

"Hii si ya simu kweli?"

Mzee alisema ile ndogo ni nzuri kwa mtu asiye na haraka.

"Basi mimi nina haraka. Nipe hii ya mpini. Hii ina sura ya kazi."

Nyakerario aliuma mdomo. Chaja ile ingeichemsha betri iliyochoka mpaka ikauke, na kitu cha mwisho kilichokuwa kimebaki ndani yake kingeenda na mvuke. Betri moja tu humo chumbani ndiyo ingefaa kwa muziki, ile ya sola iliyofungwa kabisa, isiyomwaga asidi hata chombo kikiyumba. Lakini ilikuwa tupu. Ilihitaji usiku mzima kwenye chaja ndogo, na kabla ya jua kuzama duka lingefungwa kwa Sabato, lisifunguliwe kesho yote. Kusema kweli kulikuwa na maana moja: Opondo arudi mikono mitupu, na kazi yake ya Jumapili ife.

Mkewe Opondo alikuja upande wa kidirisha kutafuta maji ya kunywa. Nyakerario alimpa kikombe. Mama yule alijitambulisha kama Nereah, akanywa yote kwa mkupuo, akasema Kisii kuna baridi lakini vumbi lake ni la joto. Nyakerario alimuuliza kama naye ataenda kisiwani.

"Nisiende nani amshikie bibi harusi mwavuli? Na kuogelea sijui, dada. Nimezaliwa hapo ziwani, lakini maji yakifika kiunoni naanza kuomba."

Alicheka. Nyakerario hakuweza. Alimwambia, akichagua maneno kama anayeokota mchele, kwamba labda wangengoja kidogo, mpaka mume wake arudi. Nereah alimwangalia kwa huruma, akamwambia asijali, hata wao nyumbani wana duka, anajua mtu akiuza bila bwana wake huwa na wasiwasi. Akarudisha kikombe na kwenda.

Mlango wa gari ulisikika. Nyakerario alichungulia. Kaunta ilikuwa tupu. Walikuwa wameshatoka, mzee mwenyewe akiwa amebeba ile betri kifuani kama mtoto, akiiweka nyuma ya Probox iliyoegeshwa mbele ya duka. Chaja ya mpini ilikuwa tayari ndani.

Hakuamua. Miguu ndiyo iliyoamua. Alipita chini ya kaunta, mahali ambapo hakuwahi kupita mzee akiwapo, akatokea kwenye mwanga wa barabarani na aproni yake yenye matundu ya asidi. Mzee Ochoki alimwona na papo hapo akageuka, akaanza kulitazama bango la duka la jirani kwa makini sana. Nyakerario naye aliinamisha kichwa. Mtu pekee aliyebaki wa kuzungumza naye alikuwa Nereah, mguu mmoja ndani ya gari.

"Dada, tafadhali mwambie mzee hiyo betri imechoka."

Nereah aliwatazama wote wawili, hatua tatu kati yao, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Wajaluo kama yeye wana mambo kama hayo pia na wakwe zao, akaelewa.

"Mzee, anasema betri imechoka."

"Mwambie hata mimi nimechoka, na kazi bado nafanya," mzee aliliambia bango.

Opondo alicheka kwenye usukani. Nyakerario alijaribu tena.

"Mwambie, kama hataona vibaya, boti ingetakiwa kuwa na betri mbili. Ya injini kando na ya muziki kando."

"Anasema betri mbili, mzee."

"Mwambie kanisa letu lina moja, na kwaya huimba mpaka jioni."

Kanisani betri ikifa, kwaya huendelea kuimba, na watu hurudi nyumbani kwa miguu yao. Nyakerario aliliwaza hilo kwa uwazi mkubwa, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Mwambie maji si kama nchi kavu."

Opondo alitoa kichwa dirishani.

"Shemeji, mambo ya maji tuachieni sisi. Nyinyi maji mengi mnayoyajua ni ya chai."

Hata watu waliokuwa wakipita walicheka. Mzee alitabasamu kidogo kwa adabu, akamwambia Nereah amshukuru mtoto kwa bidii yake, na amwambie arudi ndani, jua ni kali. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Kulikuwa na upendo, na ndio uliomuumiza Nyakerario zaidi. Mzee alifunga mlango wa nyuma wa gari kwa mikono miwili. Opondo akawasha injini.

Nereah aliingiza mguu wa pili, kisha akasita. Alimtazama msichana aliyesimama pale, mikono ndani ya aproni, na kicheko kikamwisha usoni.

"Opondo, zima kwanza," alisema. "Dada, mimi sijui tena nimwambie nini. Unataka kusema nini hasa?"

Injini ilizimwa. Boda boda ilipita, ikapiga honi, ikaondoka zake. Nyakerario aliutazama mgongo wa baba mkwe wake, kola ya shati iliyopigwa pasi, na akafahamu kwamba neno hili halingebebeka na mtu wa tatu. Lilikuwa limefika kwa Geoffrey, limefika kwenye karatasi, limefika kwa Nereah mara nne, na kila mara lilifika likiwa dogo kuliko lilivyoondoka.

Alizunguka nyuma ya gari mpaka akasimama mbele ya mzee, mahali ambapo hakuwa na pa kugeukia, akainua uso. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba macho yake ni yale yale ya Geoffrey. Mzee alirudi hatua moja, akagota kwenye gari.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa Kigusii, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyotarajia, "hiyo betri ni mbovu. Nilijua tangu jana, na nikaogopa kukuambia. Wakienda nayo, injini itazimika katikati ya ziwa na haitawaka tena, na hawa watu watakufa."

Mzee Ochoki aliufungua tena mlango wa nyuma wa gari, akaikumbatia betri na kuishusha.