Kamba ya Siku Ishirini na Moja

Okbun alijifungua mtoto wa kike alfajiri, siku mbili baada ya pilipili kuanikwa paani. Kabla supu ya mwani haijachemka, mama mkwe wake alikuwa ameshakaa kizingitini anasokota kamba ya majani makavu ya mpunga. Aliipinda kushoto, maana kamba iliyopindwa kulia ni ya kufungia ng'ombe tu. Akachomeka vipande vya mkaa na vijitawi vya msonobari, alama ya mtoto wa kike, akaitundika langoni. Kuanzia hapo mgeni hapiti mpaka siku ya ishirini na moja. Kijiji kizima cha Solgogae kilizaliwa nyuma ya kamba kama hiyo.

Ulikuwa mwaka wa 1943, na Wajapani, waliokuwa wanaitawala nchi, walikuwa wanataka wanaume wa kuchimba makaa ya mawe ng'ambo ya bahari. Orodha iliandikwa na karani wa tarafa, mtoto wa Solgogae hiyohiyo. Ofisini alikuwa na jina la Kijapani. Wazazi wake walimwita Byeon Sangho. Lakini utotoni, ili kifo kimwonee kinyaa na kimpite, aliitwa Gaettong, yaani mavi ya mbwa, na hilo ndilo lililomganda. Alifika siku ya ishirini, akasimama nje ya kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Gaettong. Umekula?"

"Nimekula. Deoksu yupo?"

Deoksu, mume wa Okbun, alikuwa uani anapasua kuni. Alionekana wazi tokea njiani.

"Yupo," alisema bibi wa mtoto. "Na kamba unaiona."

"Naiona. Inashuka kesho?"

"Kesho."

"Basi nitamfuata kesho."

Bibi alikuwa amezika watoto wanne, akabakiwa na Deoksu peke yake. Kesho yake hakuishusha kamba. Na kwa kuwa haikushuka, siku ya ishirini na moja haikuingia ndani ya uzio. Ilikuwa siku ya ishirini tena. Chungu cha supu kilikuwa kimejaa kama jana, na pilipili paani zilikuwa nusu kavu, nusu mbichi. Mtoto alinyonya, akalala.

Gaettong alikuja na askari wa Kijapani, mtu asiyejua habari za kamba. Askari aliivuka, akajikuta njiani, ameipa nyumba mgongo. Akavuka mara tatu. Mara ya tatu alipangusa viatu, akasema wana kazi nyingine. Gaettong yeye hakujaribu, miguu yake ilikataa tangu mwanzo. Aliandika kwenye daftari: *Tak Deoksu. Yuko nyumbani. Nyumba ya uzazi, haiingiliki.*

Theluji ikaanguka Solgogae yote, ikakomea kwenye uzio. Ndani jua lilikuwa la vuli.

Shida ni kwamba ofisi ilitaka idadi itimie. Kila mara watu wa Solgogae walipoitwa, Gaettong alifika kwenye kamba, akatazama, akaenda nyumba ya pili. "Nafasi ya Deoksu," alisema huko, basi. Hadi majira ya pili ya kuchipua walikuwa wamekwenda sita. Wa kwanza ndiye aliyemsaidia Deoksu kuezeka paa. Wake zao waliacha kuja kwenye uzio kuazima chumvi. Walipita kimya, nyuso wamezielekeza upande mwingine, na kimya hicho Deoksu alikisikia vizuri kuliko matusi.

Wa saba akawa Eokswe, miaka kumi na tisa, mwana pekee wa mjane wa jirani. Asubuhi hiyo mjane alikuja mpaka kwenye kamba.

"Dada," alimwambia bibi, "mwanangu anakwenda kwa miguu ya mwanao."

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Alimpenda mjane yule, walikanda pamoja maharage ya kuchachusha kila mwaka, lakini alimpenda zaidi mwanawe, na hakuona haya.

"Mama," alisema Okbun kutoka chumbani, "mtoto huyu ana siku ishirini kwa mwaka na nusu sasa. Hajanichekea hata mara moja."

"Atacheka akikua."

"Atakua lini?"

"Unataka mtoto acheke, au unataka mume?"

Okbun alilia. Alivitaka vyote viwili, na hakuona kosa lake liko wapi. Deoksu aliacha shoka, akavaa viatu vyake vya majani, akachukua mundu. Bibi alimwona, akaanguka kwenye miguu yake, akaikumbatia. Deoksu aliivuta taratibu, mmoja baada ya mwingine, akaenda langoni akaikata kamba.

Siku zote zilizokuwa nje zikaingia kwa pamoja. Pilipili zilikauka, zikawa vumbi, zikapeperuka. Supu ikakauka chunguni. Okbun alihisi mtoto anakuwa mzito mikononi, akamweka chini, na kigauni kikachanika mgongoni.

Njiani Gaettong na askari walikuwa wanamtoa Eokswe, mikono imefungwa.

"Mwache huyo," alisema Deoksu. "Nafasi ni yangu."

Gaettong alitazama karatasi. "Jina lake limeshagongwa muhuri, kaka. La kwako halimo."

"Basi liandike, ulifute lake."

"Siwezi. Ikifika na mkwaruzo wataniuliza mimi."

Askari hakuelewa maneno. Alihesabu vichwa, akaona viwili badala ya kimoja, akaridhika. Akamfunga Deoksu pia. Mjane alipiga yowe moja tu.

Walipofika penye kona, mtoto alishika mwimo wa mlango, akasimama. Alimwangalia mtu anayekwenda, akacheka. "Baba," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza, na lilitoka safi. Bibi aliinuka, akaenda kutafuta kitambaa cha kumshonea gauni kubwa zaidi.

Agosti Wajapani wakashindwa. Watu walicheza ngoma barabarani siku tatu. Wanaume wakaanza kurudi, na Eokswe akarudi bila vidole vya mkono wa kushoto. Alisema yeye na Deoksu walitenganishwa bandarini, na hajui mwenzake aliingizwa meli gani.

Okbun alimbeba mtoto mgongoni, akaenda ofisi ya tarafa. Bendera ilikuwa nyingine. Kwenye kiti alikaa Gaettong, sasa Byeon Sangho tena, na daftari lilikuwa lilelile. Alilifungua kwa heshima, akapitisha kidole.

"Shemeji, siwezi kuulizia meli. Wanaoulizwa ni waliopelekwa. Kwa daftari hili Deoksu hajawahi kutoka nyumbani."

"Alifungwa mbele ya macho yako!"

"Sikumwandika," alisema Sangho. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

Okbun aligeuka. Nyuma yake foleni ya mgao wa mchele ilikuwa imefika mlangoni.

"Kama yuko nyumbani," alisema, "nipe mgao wake."

Karani alifikiri, akaona ni haki. Akampimia mchele wa mtu mzima mmoja, akagonga muhuri.

Jioni Okbun aliupika. Aliujaza kwenye bakuli la shaba la mumewe, akalifunika, akaliweka sakafuni panapopashwa na moto wa chini, pale anapowekewa chakula mtu aliyechelewa kurudi. Asubuhi alilifunua. Lilikuwa limejaa, na wali umepoa.