Tafadhali Funga Mkanda

Gazeti ninalosoma lina ukurasa wa teknolojia, na chini yake huwa wanaomba maoni ya wasomaji. Simu gani inakaa na chaji? Kishikwambi kipi kinamfaa mzee? Gari la umeme lina maana au ni mbwembwe tu? Nimewaandikia mara nyingi na karibu kila mara wamenikata. Mhariri aliwahi kunijibu kwamba maoni yangu yana hasira nyingi kuliko taarifa. Sawa. Haya siwapelekei wao, kwa hiyo nitasema yote.

Nianze na kishikwambi. Kwa umbo sina ugomvi nacho. Ni chepesi, kioo chake hakichubuki ovyo, na ukikichaji asubuhi kinakufikisha jioni. Ubaya wake ni kwamba kilikuwa kikiongea kwa sauti yangu.

Sitii chumvi. Kwa miaka mingi nilisoma taarifa ya habari ya saa mbili redioni, hadi majirani wakaacha jina langu wakaniita Saa Mbili. Studio yetu ilikuwa chumba kidogo chenye zulia ukutani, na feni ambayo hatukuruhusiwa kuiwasha tukiwa hewani. Nilitoka humo nimelowa jasho, lakini msikilizaji hakujua, maana sauti ilikuwa imenyooka. Siku moja meneja akanitambulisha kwa vijana wawili wa kampuni ya vifaa, waliokuwa wakitafuta sauti ya kike yenye utulivu. Akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: eti sauti yangu ni hazina, eti haistahili kuishia redioni. Nikasaini. Wakanifungia kwenye kibanda nisome sentensi zisizo na kichwa wala miguu. Pinda kushoto. Maziwa yamekwisha. Samahani, sijaelewa. Mlango uko wazi.

"Soma kama unaongea na mtu unayempenda," wakaniambia.

Nikamfikiria mama. Ndiyo maana ilitoka vizuri vile.

Baada ya hapo nikawa kila mahali. Nilikuwa kwenye lifti ya benki, kwenye mashine za kufulia, kwenye simu za huduma kwa wateja. Mdogo wangu wa kiume, ambaye kitu kipya hakimpiti, akanunua gari la umeme, na nani alikuwa akimwelekeza njia? "Dada, hata barabarani unanigombeza!" alikuwa akisema, nasi tukicheka hadi machozi. Mama alipopofuka kwa presha ya macho nikamhamishia kwangu, na mdogo wangu akamletea kishikwambi cha kumkumbusha dawa nikiwa kazini. Kikisema, "Ni wakati wa kidonge cheupe," mama alijibu, "Ahsante, mwanangu." Nilidhani anatania. Kumbukumbu yake ilikuwa imeshaanza kumtoroka, na mimi sikutaka kuliona hilo.

Halafu nikafanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Daktari alisema umefanikiwa, na kwa upande wa tezi alisema kweli. Lakini mshipa wa sauti uliguswa, nikazinduka na mkwaruzo wa bawaba yenye kutu. Nilipokwenda kumwona meneja nikiwa bado na plasta shingoni, alinivutia kiti.

"Usiwe na wasiwasi, dada. Taarifa haitasimama, mashine itasoma. Sauti tunayo."

"Na mimi?"

"Wewe pumzika. Umetufanyia kazi kubwa sana."

Kesho yake jirani alinisimamisha mlangoni kunipa hongera. "Saa Mbili, umepona haraka! Jana nimekusikia, uko vilevile!" Nikatikisa kichwa nikaingia ndani, kwa sababu ningefungua mdomo ningemtukana bure.

Kazi ningeisahau. Mtu huachishwa kazi, akalia, akatafuta nyingine. Lakini nilipomkaribia mama kitandani nikamwamkia, alirudi nyuma hadi ukutani.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mama. Mwanao."

"Mwanangu nisimjue sauti?"

Nikampa mkono wangu aushike. Akaupapasa vidole, akageuza kiganja. "Mkono wa mchapakazi huu," akasema kwa upole. "Wamekuleta lini?"

Nilimweleza habari za upasuaji, akalia, akanipapasa kovu, tukakumbatiana. Asubuhi akaniuliza tena wamenileta lini. Ikawa hivyo kila kulipokucha, hadi nikachoka kumliza na kujiliza. Nikawa mfanyakazi wa ndani nyumbani kwangu.

Nikatafuta njia. Kile kishikwambi ukikiandikia maneno kilikuwa kikiyatamka. Basi nikawa nakiegemeza kwenye kabati la bafuni na kukiandikia: Mama, vua nguo uoge, dada atakusaidia. Mama alikuwa akivua. Mimi nikimwomba kwa mdomo wangu alishikilia kanga yake kama mtu anayeporwa. Nilimsugua mgongo kimya, huku mashine ikimwambia maji hayajapoa, na yeye akiiombea mashine maisha marefu. Niliionea wivu sauti yangu mwenyewe. Hata hivyo kila jioni niliandika, Nakupenda mama, lala salama, nikasimama karibu na mlango nisikie anavyoitikia. Hiyo ndiyo ilikuwa haki yangu iliyobaki na niliishika kwa mikono miwili.

Jumapili mdogo wangu akaja. Yeye akiona kidoti chekundu kwenye kioo lazima akibonyeze. Nilikuwa jikoni nachuja supu niliposikia, "Dada, hiki kimepitwa na wakati! Nimekifanyia apdeti." Nilikimbia na chujio mkononi. Nilikuta kibinti kichangamfu kinaongea ndani yake: "Hujambo! Mimi ni msaidizi wako mpya!"

"Huyu nani tena?" mama akauliza. "Mwanangu yuko wapi?"

Tulibonyeza kila kilichobonyezeka. Sauti ya zamani ilikuwa imeondolewa na hairudi. Nikapiga simu huduma kwa wateja, ikapokelewa na kibinti kilekile, kikaniambia hakinisikii vizuri, nijaribu kuongea kwa sauti iliyo wazi zaidi. Nilikata simu nikakaa sakafuni.

Mama akagoma kula. Kijiko kikimgusa midomo aligeuza uso. "Mwanangu amekufa," akasema, "na nyie mnanificha." Nilimwapia kwamba ni mzima. Akanipa pole, akaniambia najitahidi lakini sijui kudanganya. Mwili ulianza kumwisha, mifupa ya mabega ikachomoza, na mimi nikakonda naye.

Mdogo wangu alipokuja tena hakuweza kunitazama. Alisimama akichezea ufunguo.

"Dada," akasema mwishowe, "gari bado liko vilevile. Apdeti yake iligoma."

Basi haya ndiyo maoni yangu juu ya gari la umeme, kama kuna mhariri anayeyataka. Viti vyake ni vipana, mzee haumii kiuno. Injini haina kelele, kwa hiyo kila neno linasikika.

Tulimbeba mama tukamketisha mbele. Mimi nikakaa nyuma na bakuli la supu, nikajisogeza katikati ya viti. Mdogo wangu akabonyeza kitufe cha kuwasha.

"Tafadhali funga mkanda."

Mama akashika kifua. "Mwanangu! Ulikuwa wapi wewe?" Mdogo wangu akawahi kumfunga. "Nimefunga, mwanangu, nimefunga. Umekula?"

"Samahani, sijaelewa," gari likajibu. Ni mimi yule, siku ile kibandani, nikimfikiria yeye.

"Nakuuliza, umekula?"

Sikuweza kujizuia. "Nimekula, mama," nikasema.

Mama akageuza kichwa upande wangu, amekunja uso. "Wewe dada, hebu nyamaza kidogo. Mwanangu anaongea."

Nikanyamaza. Nikajaza kijiko, nikampa mdogo wangu ishara afungue mkanda wake, gari liseme tena. Likasema. Mama akatabasamu, na midomo ilipofunguka nikamlisha.