Jino la Juu

Mama mkwe alipotangaza kwamba Jumamosi tutakwenda bwawani, mie, yeye na mtoto, nilikuwa nachuja uji, na nusu yake ikamwagika chini. Miaka miwili nimeolewa katika nyumba hii ya Chanika, hajawahi kunialika hata sokoni. Sasa anataka kunipeleka ndani ya msitu wa serikali, mbali na nyumba ya mwisho, eti mtoto akapate hewa. Hewa gani isiyofika uani kwetu?

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Siku tisa nyuma, Hope wangu wa miezi saba aliota jino lake la kwanza, na lilitoka juu. Chini hakuna kitu. Nesi wa kliniki alisema jino ni jino, bila hata kuinua macho kwenye kadi, na mwalimu wetu wa baiolojia katika madarasa ya jioni angesema hivyohivyo. Lakini nimekua nikisikia habari za kigego, mtoto anayeanzia meno ya juu, kwamba analeta mikosi kwenye ukoo. Hamida, mpangaji wa chumba cha nyuma, aliwahi kusimulia tukiwa tunafua kuwa zamani watoto hao walikuwa wanaachwa msituni, au kwenye maji. Alisimulia akicheka. Siku hiyo Hope alikuwa bado kibogoyo, nami nilicheka naye.

Basi siku tisa namficha mdomo. Akicheka, namgeuzia begani kwangu. Uji namnywesha chumbani, mlango nimerudishia. Mume wangu, Albano, yuko Songea kikazi. Nilipomweleza kwenye simu alisema nisimwambie mama yake. Kwa nini, hakusema.

Ijumaa nikamsikia mama mkwe anaongea na simu nyuma ya choo, kwa Kimakonde, sauti ya chini. Mie Mnyakyusa, sikuambulia kitu ila jina la Hope, mara mbili, na la Apolonia. Huyo Apolonia ni shangazi yake Albano, anakaa Newala, na katika ukoo ule akisema jambo, limesemwa.

Kukataa safari ningesingizia nini? Nilimfunga Hope kifuani kwa kanga mbili, tukapanda bajaji.

Getini, askari wa misitu aliyevaa kibao cha jina, Polikarpo, alifungua daftari la wageni. Mama mkwe akamwambia aandike wawili.

"Watatu," nikasema.

"Watoto hatuandikagi, dada. Wanaingia bure."

"Huyu muandike. Hope Albano, miezi saba. Na saa tuliyoingia."

Alinitazama kidogo, akaandika, nami nikasubiri mpaka nikayasoma maandishi yake. "Mama, huyu mkweo polisi nini?" akamuuliza mama mkwe. Akajibiwa kwamba nasoma shule ya jioni, ndivyo wasomi tunavyokuwaga.

Ndani, miti imefunga juu hadi njia ina giza la saa kumi na mbili, na bado ni saa nne asubuhi. Mama mkwe alitangulia na mfuko wake, ambao alikataa nimpokee. Katikati ya njia akauweka chini, akaingia kichakani kujisaidia. Nikauchungulia. Unga mweupe umefungwa kwenye kitambaa. Uzi. Wembe mpya.

Unga wa kutambikia, wembe wa kuchanjia, uzi wa kumfunga mtoto kiunoni. Nikauchukua ule wembe, nikauficha ndani ya blauzi, na aliporudi nikamwambia twende tu, jua lisije likawa kali.

Bwawa lenyewe dogo, mtu wa ng'ambo ukimwita anasikia. Wanaume watatu walikuwa upande wa pili na fimbo zao za kuvulia, wanangoja perege. Mama mkwe alikaa kwenye gogo, akakanda ule unga kwa maji mpaka ukawa donge gumu. Akachomoa ndoano iliyokuwa imechomekwa pembeni ya kitenge chake, akaifunga kwenye uzi, akaanza kupapasa mfukoni.

"Sekela, wembe umeuona?"

Nikautoa blauzini. Akaupokea, akakata uzi, akachomeka donge dogo la unga kwenye ndoano na kuitupa majini, ncha ya uzi akaifunga kwenye gogo.

"Ulidhani nakuja kumchinja nani?" akauliza, macho yake kwenye maji.

Kuvua samaki kwenyewe kungeweza kuwa geresha.

"Lile jino utalificha mpaka lini?"

Nilimkumbatia Hope mpaka akalalamika. Mama mkwe akaendelea kwa sauti ileile, kama anayesimulia bei za nyanya. Kabla ya Albano alizaa mtoto wa kike, naye alianza juu. Apolonia alikuja na mama yake wakamchukua, kwamba wanampeleka kwa mganga ng'ambo ya mto Ruvuma, atarudi meno yakitimia. "Nilikuwa na miaka kumi na nane. Nguo zake nilifunga mwenyewe. Albano anadhani mie ndiye niliyemtoa dada yake. Sijawahi kumkatalia."

Sikumuuliza kama alirudi.

Alisema Apolonia anafika Jumatano. Alipiga simu jana kuuliza mtoto kaanzia wapi, akadanganywa kwamba bado, lakini akifika atamtia kidole mdomoni. "Nataka nimpapase ufizi wa chini. Nyumbani nisingeweza, Hamida ana masikio. Kama la chini limekaribia, mnabaki, tutasema ndilo lililotangulia. Kama bado, kesho unapanda basi kwenda kwenu Tukuyu. Mie nitasema mama yako anaumwa."

Maneno mazuri. Na mtu anayetaka kuhakikisha jino kabla ya kupeleka taarifa Newala angesema nini tofauti? Nilimtazama mikono. Alikuwa anainawa kwa maji ya chupa, kidole kimoja baada ya kingine, taratibu.

Nikafungua kanga, nikampa. Ila mguu mmoja wa Hope nikaushika kwenye kifundo, sikuuachia.

Aliingiza kidole, akafumba macho. Hope akamng'ata. Uzi ulianza kuvutwa majini, gogo likakwaruzwa, mwanaume mmoja ng'ambo akapiga mluzi kutuashiria. Mama mkwe hakugeuka.

"Bado," akasema. "Pako laini kabisa. Mnasafiri kesho."

Nilikaa nikilipima neno hilo. Anayetaka kumkabidhi mtoto kwa Apolonia angeniambia limekaribia, tubaki, tumngoje. Huyu ananiambia niondoke na mjukuu wake, naye abaki peke yake kumkabili wifi yake.

"Basi la kwanza linatoka saa ngapi, mama?" nikamuuliza, na ule mguu nikauachia.